Papa wa Godoro

Tangazo lile nalichukia mpaka leo. Kengele inalia, gari la taka lenyewe halina kelele vile, halafu mume wangu Zéphyrin anatokea amevaa pijama ya mistari, anaruka juu ya godoro, anacheka meno yote nje. Unaangalia mpira, kengele. Unangoja kuambiwa kama theluji itafunga shule, kengele. Aka! Mtu gani atanunua godoro kwa kuudhiwa?

Alikubali kwa sababu ya binti yetu, Chimène. Alikuwa anasoma chuo kule Amherst, mwaka wa pili akasema anaacha, masomo yanamchosha roho, anataka kazi. Zéphyrin alikuwa amejivunia huyo mtoto kwa kila mtu. Hasira zikampanda mbele ya wageni, akasema, "Bon. Mimi sina mtoto." Chimène akachukua begi lake. Tukasikia yuko Columbus, baadaye tukasikia yuko Louisville. Namba alibadilisha, na walioijua mpya aliwakataza kutupatia.

Mimi nikaacha kumwita mume wangu Papa Chimène. Si huna mtoto? Utakuwa papa wa nani? Nilimwita Zéphyrin, jina tupu, kama wanavyomwita kazini. Ilimuuma, na nilitaka imuume.

Kazi yake ni kiwandani Tonawanda, wanakoshona magodoro. Kampuni ina maduka hapa Buffalo, na Columbus, na Louisville. Wakubwa walipoamua kutengeneza tangazo la televisheni, walitafuta mfanyakazi mwenye sura ya kuchekesha, wakamchukua yeye. Mzee wa kanisa, avae pijama mbele ya dunia! Nilimwambia akatae.

"Litaonyeshwa miji yote mitatu, Nabintu," akanijibu. "Popote alipo, ataniona."

Mwishoni wakamtaka aseme "lala vizuri" kwa lugha yake. Wale hawajui hata neno moja la Kiswahili, donc akasema alichotaka yeye: "Chimène, lile neno nimelifuta. Rudi nyumbani, mwanangu. Mama anakungoja." Mpiga picha akafurahi sana. Akamwambia arudie, ila acheke zaidi.

Siku lilipotokea mara ya kwanza tulikuwa sebuleni, sisi wawili. Nikamsikia akiyasema maneno yale, mtu ambaye hajawahi kuniomba msamaha hata kwa sahani aliyovunja. Nililia. "Papa Chimène," nikamwambia, "umefanya vizuri." Yeye alikuwa ameshika simu, anaiangalia.

Tukangoja. Kanisani walitucheka mpaka basi: "Wazungu wanadhani unauza godoro, kumbe unatafuta mtoto!" Watoto wa huku mtaani kwetu Bailey wakimwona tu, wanaanza kuruka-ruka njiani. Alivumilia yote. Magodoro yenyewe hayakununuliwa, hata sisi hatukununua. Watu walipiga simu kampuni, si kuagiza, kulalamika juu ya kengele. Kabla ya Noeli wakaliondoa. Zéphyrin alikwenda kumsihi mkubwa wake liendelee kidogo tu, mkubwa akacheka, akidhani mzee amenogewa na umaarufu.

Mwezi wa pili tulikuwa na harusi kanisani. Msichana mmoja, Ingabire, mgeni kutoka Louisville, alipomwona mume wangu akaacha kula.

"Papa wa godoro! Si wewe papa yake Chimène?"

Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaguna. "Unamjua?"

"Tulikuwa tunakaa nyumba moja, mama. Kila papa akitokea kwenye televisheni anatuonyesha: yule ni baba yangu."

Zéphyrin akasogea. "Alisema nini? Aliposikia, alisema nini?"

"Aliposikia nini, papa?"

"Maneno yangu."

Ingabire akatuangalia, mmoja mmoja. "Ile tangazo? Papa, unisamehe, nani anaiacha na sauti? Kengele ikianza tu, Chimène mwenyewe anakimbilia rimoti, anazima sauti. Tulikuwa tunaona picha tu."

Picha. Mungu wangu! Picha ya mzee katika pijama, anaruka, anacheka.

"Na kwa hiyo picha alisemaje?" nikauliza. Ningejua nisingeuliza. Msichana hakutaka kusema, nikamlazimisha.

"Alisema, 'Kumbe ni kweli hana mtoto. Tazameni anavyocheka.'"

Nilitaka kumpiga kofi, huyu mtoto wa watu asiye na kosa lolote. Nilitaka nikavunje televisheni zote za Louisville. Nikamwambia, basi tupe namba yake, mpigie sasa hivi, tuzungumze naye.

"Hapatikani, mama. Aliondoka mwezi wa kwanza, ile baridi kali, akapanda basi. Hakutuambia anakwenda wapi. Namba ile imekufa."

Muziki ulikuwa juu, watu wanawatunza maharusi. Nilidhani Zéphyrin atalia, au atajitetea kwamba aliambiwa acheke. Hakufanya hata kimoja. Alimwinamia yule msichana.

"Alikuwa na koti?"

"Papa?"

"Siku aliyoondoka. Alikuwa na koti zito?"

Ingabire akasema hakumbuki. Zéphyrin akadhani msichana hakusikia swali kwa sababu ya muziki, akamuuliza tena.