Levina Binti wa Nani

"Levina binti wa nani?" Padre Revocatus aliuliza. Ni swali analomwuliza kila bibi harusi anayekuja kuandikisha ndoa parokiani, kwa sababu jina la baba lazima lisomwe kanisani kwenye matangazo.

Xavery aligeuza uso dirishani. Yeye na Levina walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini, wamezaa, wamesomesha, wamezika, na sasa ndiyo walikuwa wanakwenda kubariki ndoa yao. Alijua jibu la siku zote: binti Shigela. Shigela alikuwa babu mzaa mama, mtu wa Kigwa, na jina lake Levina aliliazima tangu ubatizo. Siku hiyo Levina hakuwa na nia ya kuazima tena.

"Binti Ratilali," akasema. "Yule mzee wa duka la vitambaa, karibu na soko."

Padre akaweka kalamu chini. "Una hakika, mwanangu?"

"Mama yangu alikuwa na hakika, Padre. Yeye ndiye aliyekuwepo."

Mama yake, Tekla, alipanda treni Kigwa akiwa msichana, akashuka Tabora, akapata kazi ya ndani kwa Ratilali. Mke wa Ratilali alikuwa amekwenda Gujarati, huko India, kwa wazazi wake na alikawia kurudi. Aliporudi, Tekla alikuwa amehamishiwa chumba cha uani, na kitoto chenye nywele za singa kilikuwa kinatambaa kati ya majora ya kitambaa. Hakuna aliyefukuzwa. Hilo Ratilali alipenda kujisifia nalo, kwamba hakumfukuza mtu. Levina alipoanza kusema, mzee alimkalisha juu ya kaunta akamfundisha neno moja kwa upole kabisa: "Mimi niite Kaka."

Sasa tazama ujanja wa mtu huyu. Kwao Gujarati, kaka ni mdogo wa baba, na mtoto yeyote mwenye adabu humwita hivyo mwanamume wa rika la baba yake. Mteja Mhindi aliyeingia dukani alisikia adabu. Mnyamwezi aliyeingia yeye alisikia kaka wa Kiswahili, akadhani mtoto kamzoea tajiri. Kila mmoja akalipia kitambaa chake akaondoka ameridhika. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu alizaa kwanza ndipo akaanza kuficha.

Levina alikua na neno hilo mdomoni, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alikuwa akiwauliza wapita njia maana yake. Tabora hii ni ya wapita njia tangu enzi za misafara, watu wa kuulizwa hawakosekani. Kalasinga mmoja mwenye malori ya pamba alicheka mpaka akashika kilemba: kwao Punjabi kaka ni kitoto cha kiume, vipi unamwita hivyo mzee mwenye ndevu nyeupe? Mhandisi Mtamili wa migodi ya Nzega akamwonyesha kunguru juu ya bati, akasema kwao kaka ni yule pale. Daktari mmoja Mwislamu wa pwani ya Malabari akasema kwao ni kaka tu, mkubwa wako wa tumbo moja, kama kwenu Waswahili. Baba mdogo, kitoto, kunguru, kaka. Levina aliwashukuru wote. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba mahali fulani, kwa watu fulani, neno hilo lina maana ya baba. Ratilali alikuwa amechagua vizuri.

Na kilichomchoma kuliko vyote ni hiki. Mji mzima ulimwita mzee yule baba! Wachukuzi waliobeba majora, "Shikamoo baba." Wanawake wa Isikizya waliokuja kuchagua khanga, "Baba, punguza kidogo." Watoto wa shule wasiomjua hata jina, baba, baba. Yeye aliwaitikia wote marahaba, bila kupepesa jicho. Mtu mmoja tu katika Tabora nzima ndiye aliyekatazwa neno hilo, na ndiye aliyekuwa na haki nalo.

Padre Revocatus akaichukua kalamu yake, akaandika Ratilali.

Jumapili matangazo yakasomwa, mara ya kwanza kati ya tatu. Kanisa likaguna mara moja, likatulia. Baada ya misa, Bi Advera, mama mtu mzima anayeheshimika parokiani, alimshika Levina mkono kwa mapenzi. "Usione haya, mwanangu. Sisi tulijua siku zote."

"Mlijua?"

"Nani asijue? Uso si ule ule!"

Levina alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa amelibeba jambo hili peke yake kama mwizi, kumbe mji mzima ulikuwa unamtazama. "Mlijua," akasema, "mkawa mnanisikia nikimwita Kaka, mnapimiwa vitambaa vyenu, mnakwenda zenu? Hata mmoja wenu asiniambie, Levina, neno hilo limekaa vibaya?"

"Tungesemaje, mwanangu? Mambo ya watu."

"Mimi ndiye watu, mama!" Akautoa mkono wake taratibu, maana mkubwa ni mkubwa, akaenda zake.

Matangazo ya ndoa huishia na maneno haya: mwenye kujua kizuizi chochote amjulishe paroko. Habari ikafika dukani kabla wali wa mchana haujaiva. Kesho yake Levina akaitwa parokiani, na alipoingia ofisini alimkuta Mzee Ratilali ameketi mbele ya Padre, fimbo kati ya magoti, shati limepigwa pasi. Katika maisha yake yote hakuwahi kufika kwenye shughuli yoyote ya Levina, si ubatizo, si msiba wa Tekla. Kwa hili, alifika.

"Nimesikia mwenye kizuizi aje," mzee alisema. "Nimekuja."

"Kizuizi gani, mzee?" Padre akauliza.

"Hilo jina. Nina wanangu Uingereza, nina watu wa jumuiya yangu hapa. Walisoma jina langu mbele ya watu. Liondolewe."

"Sawa," Padre alisema. "Ili nikusikilize, nijue kwanza. Wewe ni nani wake?"

Ratilali akamgeukia Levina. Mgeni alipouliza swali hilo dukani, miaka yote, Levina ndiye aliyekuwa anawahi kujibu, haraka na kwa tabasamu, ili mzee asipate tabu. Hata sasa ulimi ulimchezacheza wenyewe. Akauuma. Macho ya mzee yalimsihi, naye akayatazama, na moyoni akasema: hapana, leo utajibu mwenyewe.

"Mzee?" Padre akarudia. "Alilolisema mwanamke huyu ni kweli au si kweli?"

Ratilali alikuwa mtu wa biashara safi. Hakuwahi kumpunja mtu hata inchi moja ya kitambaa, na mji wote ungeweza kumtolea ushahidi. Uongo wa wazi, wa mdomo, hakuuzoea. Aliinamisha kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Lakini lisisomwe."

Levina alikuwa ameisubiri kweli hiyo tangu utoto, akidhani siku akiisikia atalia kwa furaha. Hakulia. Alikasirika kuliko siku zote. Afadhali angekataa! Mtu akikataa, labda amesahau, labda hana hakika. Huyu alikuwa na hakika, alikuwa nayo kila asubuhi alipokuwa akifungua duka.

"Padre," akasema, "umemsikia mwenyewe. Soma."

Akatoka. Nyuma yake fimbo ikagonga sakafu, tok, tok, na mzee akamfikia kwenye ngazi za nje. Hapo chini wanakwaya walikuwa wanakusanyika kwa mazoezi. Ratilali akamshika kiwiko ashuke naye, akainama karibu na sikio lake.

"Dikri," akanong'ona. Kwao ni binti yangu.

Levina akasimama. "Sema kwa sauti."

Mzee akawatazama wanakwaya.

"Sema kwa Kiswahili, watu wasikie. Nitakushika mkono mpaka dukani."

Midomo ya mzee ikafunguka, ikafungika. Akauachia mkono wa binti yake, akashika ukuta, akaanza kushuka peke yake.

Wanakwaya wakampisha. "Shikamoo baba," mmoja akasema.

"Marahaba, mwanangu," Ratilali akaitikia.