Istikhara ya Mjumbe wa Bwejuu

Mimi Bimkubwa, mkulima wa mwani wa Bwejuu, kisiwa kidogo jirani na Kilindoni, ndiye niliyechaguliwa kwenda Dodoma kupiga kura katika mkutano mkuu wa chama chetu. Watia nia wa urais walikuwa wamebaki wawili, na mmoja wao nimemlea mimi.

Zubery ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alipopita Kilindoni kwenye kampeni zake alishuka garini na viatu vinavyong'aa, akanibusu mkono mbele ya wapiga picha. Nilikuwa nimejiandaa aniombe kura, hata maneno ya kumzungusha kidogo nilikuwa nayo.

"Wewe sina haja ya kukuomba, mama," akasema, akarudi garini.

Nilimpenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Mwenzake, Faraja, mwanamke wa bara, alikuwa ametangulia siku chache. Alikaa nasi mkekani pale Kiegeani, akauliza kwa nini mwani unakufa maji yakipata joto, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nimenuna, maana nilitaka awe mbaya.

Basi nikaamua kusali istikhara, kumwomba Mungu anionyeshe la kuchagua. Kwetu tunaamini jibu huja ndotoni. Maalimu Iddi husema tunakosea, jibu ni pale moyo unapoelemea, lakini nani ana subira ya kuusikiliza moyo? Baada ya adhuhuri nikatawadha upya, nikasali rakaa mbili, nikasoma dua, nikajilaza.

Maji yalikuwa yamekupwa na bahari imekuwa nyeupe kama tui la nazi. Zubery yuko mgongoni mwangu, kama zamani alipoogopa kukanyaga miba ya baharini, ila sasa ni mtu mzima na suti yake. Hakuwa mzito hata kidogo. Tulikuwa tunakwenda kisiwani Juani, na magofu ya mji wa kale wa Kua yamewashwa taa, watu wamejaa madirishani wanatungoja, dada yangu miongoni mwao na kanga yake ya njano. Nilifurahi mno. Nikatembea, nikatembea. Maji yakapanda magotini, kiunoni, yakanifika kidevuni, vuguvugu.

"Shuka sasa, baba," nikamwambia. "Wewe mrefu, hapa unasimama."

Akaniinamia sikioni, kwa sauti yake ya utotoni. "Mama, angalia viatu vyangu visilowe."

Niliamka jua la alasiri liko mlangoni na mashavu yamelowa.

Dodoma, ndani ya ukumbi wenye baridi, kalamu yangu ilisimama kwenye jina la Zubery mpaka wa nyuma yangu akakohoa. Moyo uliniuma, nasema kweli. Nikaweka alama kwa Faraja, na jioni yake akatangazwa mshindi.

Zubery akanipigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Wamenigeuka wote. Kura moja tu nina hakika nayo, yako."

Ningeweza kunyamaza. Ningemdanganya kwa huruma, naye angelala.

"Sikukupa, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Hukuniomba."

Nikamsikia analia polepole, na mimi nikalia upande wangu.

"Njoo nyumbani upumzike," nikamwambia. "Maji yakipwa tutakwenda wote kwenye mwani. Viatu uvue huko huko pwani, baba. Mgongo wangu umechoka."