Mungu wa Ardhi Alikubali Mara Tatu

Pi-yun alichota lulu moja kwa kijiko, akaitafuna polepole, kisha akatikisa kichwa kama daktari anayetoka kuwaona ndugu wa mgonjwa. Imekufa. Lulu ya muhogo, kile kitonge cheusi cha wanga kinachozamishwa katika chai ya baridi, ikishapikwa na kulazwa katika shira ya sukari guru huishi saa chache tu. Hizo zikipita, hukakamaa katikati na kugeuka kifungo cha koti. Akainyanyua sufuria kwa mikono miwili, akatoka nayo mlango wa nyuma, akaimimina yote katika ndoo ya makombo. Mazishi yalihudhuriwa na bata wanne wa kuchoma walioning'inizwa kwa shingo jikoni kwa jirani. Hakuna aliyetoa hotuba.

"Umezika tena?" aliuliza Iong-sing, mwenye bata hao, huku akifuta kisu chake kipana kwenye aproni.

"Nimezika."

"Nguruwe wa yule mzee anayechukua makombo watapasuka, bosi. Jana nimemsikia anajisifu sokoni, eti nguruwe wake wanakula sukari guru kama mabwana harusi."

"Basi angalau nina wateja wanaorudi."

"Wanarudi, ila hawapangi foleni."

Foleni lilikuwa neno baya kulitamka upande ule wa barabara. Upande wa pili, foleni ilianzia kwenye kaunta ya duka la chai lenye matawi nchi nzima, ikapita mbele ya kinyozi, ikakunja kona bila aibu. Wanafunzi, makarani, hata mtawa mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa, wote walisubiri kwa unyenyekevu wa mahujaji ili wapewe bilauri yenye picha ya dubu. Kwa Pi-yun alikuwa ameingia mtu mmoja tangu asubuhi. Alikuwa kijana mrefu aliyesoma ubao wa bei kwa heshima kubwa, toka juu hadi chini, kisha akauliza kama anaweza kutumia choo.

Tatizo halikuwa chai. Ingekuwa chai mbaya ingekuwa faraja, maana chai mbaya hurekebishika. Kila alfajiri Pi-yun alikanda wanga wa muhogo kwa shira ya moto, akaukata, akauviringisha kwa viganja mpaka kila lulu ikafanana na dada zake. Mikono ile ilikuwa imezoea. Kwa miaka mingi ilikunja pindo za taulo kiwandani hapo Huwei, katika mji ambao zamani ulifuta nyuso za nusu ya nchi. Kisha kiwanda kikafunga lango, na wanawake wa rika lake wakapewa kila mmoja furushi la taulo na mkono wa kwaheri. Alizunguka akiomba kazi. "Hamsini na mbili?" walimuuliza kila mahali, kwa sauti ya mtu anayesoma tarehe kwenye paketi ya maziwa. Duka hili ndilo lililokuwa mlango wake wa mwisho. Baada yake palikuwa na ukuta.

Na Mungu wa Ardhi alikuwa amekubali! Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Kabla ya kufungua duka alikwenda kwenye kihekalu chake kando ya reli ya miwa, akapiga magoti, akajitambulisha kama inavyotakiwa, akarusha vile vipande viwili vya mti vilivyochongwa mfano wa mwezi mchanga. Kimoja kikaanguka chali, kimoja kifudifudi: ndiyo. Akarusha tena: ndiyo. Akarusha tena: ndiyo. Mara tatu mfululizo. Hata wanaouliza kuhusu ndoa hawapati jibu safi namna ile.

"Bosi," Iong-sing alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Bwana Tiunn amepita ulipokuwa nyuma. Alikuja na futi ya kupimia."

Bwana Tiunn ndiye mwenye jengo. Alimiliki pia mashine za makucha, yale masanduku ya kioo ambamo mtu hutumbukiza sarafu ili anyakue mdoli, na mdoli humponyoka, na mtu hutumbukiza sarafu nyingine. Kila duka lililokata roho Huwei, yeye alilirithi na kulijaza masanduku hayo. Muda wa majaribio wa upangaji wa Pi-yun ulikuwa unakwisha leo. Kabla jua halijazama, aidha atie sahihi mkataba wa mwaka mzima, au atoe ufunguo.

Pi-yun aliitazama sufuria tupu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelifanya: akabandika nyingine. Mfa maji haachi kutapatapa, na mfa maji mwenye jiko hupika.

Lulu zilipoiva alizilaza katika shira, akamwomba Iong-sing awe na jicho dukani, akapanda pikipiki kwenda kumchukua mama mkwe wake.

Bibi Kim-tio alikuwa na miaka themanini na hasira za msichana. Tangu mwanawe afariki, yeye na mkwewe waliishi nyumba moja kwa mapatano ambayo hayakuwahi kutamkwa: Pi-yun hakusema neno juu ya michezo ya karata, na bibi hakusema neno juu ya lulu. Lakini alipoona uso uliomjia mlangoni, alivaa viatu bila kuuliza. Akakaa nyuma ya pikipiki, mkono mmoja kiunoni mwa Pi-yun, mwingine umeinua bilauri ya sadaka kama mwenge.

"Hii ina sukari kiasi gani?" aliuliza walipofika kihekaluni.

"Kamili, Mama. Ni sadaka."

"Kamili! Mzee mwenye ndevu nyeupe hivi unampa sukari kamili? Unataka akatwe mguu?"

"Mara ya kwanza nilimpa kamili, akakubali."

"Alikubali ili uondoke."

Pi-yun aliwasha udi, akapiga magoti. Mungu wa Ardhi, ambaye kimo chake hakizidi cha mtoto anayetambaa, alimtazama kwa tabasamu la mjomba aliyeshiba. Mtu hamwombi mungu hivi hivi. Sharti aseme yeye ni nani, kazaliwa lini, na jambo lake liko mahali gani, kwa sababu Huwei ina wanawake wengi na shida nyingi, na si adabu kumtaka mzee abahatishe.

"Mimi ni Liao Pi-yun," alianza, kwa ile sauti ya kukariri. "Nimekuja kwa ajili ya duka langu la chai. Nahitaji kujua kama nitie sahihi. Duka liko kichochoro cha nane, nyumba namba tatu, nyuma ya kiwanda cha—"

"Subiri," alisema bibi.

"Mama, niko katikati ya sala."

"Subiri, nimesema. Kichochoro cha nane namba tatu ni kwangu."

Garimoshi dogo la miwa lilipita nyuma yao likilalamika, behewa baada ya behewa, na bibi akangoja mpaka la mwisho likapita.

"Duka lako liko barabara ya soko," bibi aliendelea, polepole, kama anayemfundisha mtoto majina ya vidole. "Sasa niambie. Ile mara ya kwanza, ulimwambia mzee liko wapi?"

Tangu Pi-yun aolewe, hospitali, benki, kiwandani, kila aliyemuuliza anwani alipewa ile ile. Ilimtoka yenyewe, kama kupiga chafya.

"Nilimwambia hivi hivi," alisema.

"Uuuwi!" Bibi Kim-tio alijipiga paja hata chai ikaruka. "Kumbe! Wiki tatu sijalala mchana, wiki tatu! Mara mleta gesi: Bibi, naomba maji. Mara mleta barua: Bibi, kiu inaniua. Wanawake wa karata walikuwa watatu, sasa wamefika wanane, na kila mmoja, Bibi, huna kitu cha baridi? Nikadhani ni joto la mwaka huu! Kumbe ni wewe umemtuma mzee wa watu aniletee wateja sebuleni!"

Pi-yun alicheka. Kilianza kama kicheko, kwa kweli, lakini kilikuwa kimevaa nguo za kilio, na baada ya muda mfupi hakuna ambaye angeweza kuvitofautisha. Aliweka paji la uso kwenye sakafu ya saruji, mabega yakitikisika, na bibi akasimama juu yake akiwa ameshika bilauri, hajui pa kuiweka.

"Inuka," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Muombe radhi. Mpe anwani ya kweli. Taratibu, na namba ya duka useme."

Pi-yun akaomba radhi. Akaitaja barabara ya soko, namba, na hata bata wa jirani, pasiwe na utata. Akarusha vipande. Vyote viwili vikalala chali.

"Anacheka," alisema bibi.

Akarusha tena. Chali, vyote viwili.

"Bado anacheka. Hata mimi ningecheka."

Mara ya tatu vyote vikaanguka kifudifudi, kwa mlio mmoja, kama mlango unaofungwa.

"Amekataa, Mama."

"Hajakataa. Amechoka." Bibi alimtazama mungu, kisha mkwewe. "Muulize basi duka likiwa kwetu."

"Kwetu si duka! Kichochoro hakina pa kutokea. Mwisho wake ni ukuta wa kiwanda. Nani atapita pale, Mama? Paka?"

"Muulize tu."

Pi-yun aliviokota vipande, akavishika, na hakuvirusha. Lile neno ndiyo la mara tatu, lililotolewa kwa anwani ya nyumbani, lilikuwa kitu pekee alichobaki nacho, na mtu harushi chini kitu chake cha pekee. Akavirudisha mezani mwa mungu, kimoja juu ya kingine, akainama mara tatu, wakaondoka.

Walipofika dukani Bwana Tiunn alikuwa amepiga magoti sakafuni, naye pia, ila yeye alikuwa anapima. Karatasi ya mwaka mzima ilikuwa kwenye kaunta, na kalamu juu yake.

"Dada Pi-yun," alisema akiinuka, akipangusa magoti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidisha ugumu. "Mimi sikufukuzi. Ukitia sahihi, nakunja futi yangu naenda zangu. Lakini kama mtu anayekutakia mema, nitakuuliza: ukitia, utamuuzia nani?"

Msichana mmoja wa shule alikuwa ameitoroka foleni ya ng'ambo. Alichungulia mlangoni, mfuko wa vitabu begani, akatazama viti vitupu.

"Shangazi, mbona kwako hakuna foleni?"

"Ingia, mwanangu. Itaanza na wewe."

Msichana alifikiri. Alicheka, kwa adabu kabisa, akainamisha kichwa, akarudi kujipanga mwisho wa foleni, nyuma zaidi ya pale alipokuwa.

Pi-yun alichukua kalamu. Aliishika kama alivyokuwa akishika sindano, karibu na ncha. Iong-sing, aliyekuwa mlangoni, aliacha kutafuna. Ukitia sahihi, mungu amekataa. Usipotia, ukuta. Alitazama kiganja chake, bado kina harufu ya muhogo, akaiweka kalamu chini sambamba na ukingo wa karatasi, kama pindo lililonyooka. Halafu akauvua ufunguo shingoni.

"Kaunta niachie," Bwana Tiunn alisema, akiepuka macho yake. "Nitakupa kitu kidogo. Inafaa midoli mikubwa."

"Niache kwanza nitoe sufuria."

Aliizungushia sufuria zile taulo za kiwandani, moja juu ya nyingine, mpaka ikafanana na mtoto aliyezaliwa wakati wa baridi. Iong-sing aliifunga kwa kamba kwenye pikipiki, mbele, katikati ya miguu. Mtungi wa chai na barafu akasema ataleta mwenyewe, na akaleta, akamfuata nyuma mpaka kichochoro cha nane akiwa bado na aproni yenye mafuta ya bata.

"Saa ngapi zimeshapita tangu lulu ziive, bosi?" aliuliza akishusha mtungi.

"Usiniulize."

"Nitarudi kunywa nikishafunga. Nikikuta vifungo, nitashona shati."

Bibi Kim-tio alitangulia ndani. Akasukuma pikipiki ya marehemu mwanawe pembeni ya sebule, akaburura meza ya karata mpaka kizingitini, chini ya picha za wazee wa ukoo waliotazama jambo hilo bila kutoa maoni. Pi-yun akaweka sufuria, bilauri, mirija minene. Mashine ya kufunga vikombe ilibaki dukani, kwa hiyo vitakuwa wazi. Wakakaa kwenye vigoda, mmoja huku, mmoja huku.

Kichochoro kilikuwa kitupu.

"Wiki tatu wananigongea mlango," bibi alisema. "Leo nimewahitaji, wamekufa wote."

Mwanga wa jua la jioni ulikuwa umepanda juu ya ukuta wa kiwanda, mahali ambapo zamani taulo zilianikwa, na kivuli kilikuwa kinaufuata kutoka chini, tofali baada ya tofali. Shira ilianza kufanya ngozi. Pi-yun aliikoroga kwa mikono miwili.

"Onja," alisema bibi.

"Sitaki."

"Onja, Pi-yun."

Alichota lulu moja, akaitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu, macho kwenye ukuta.

"Vipi?"

"Bado laini."

Mbali, kwenye barabara kubwa, mitungi ya gesi ilisikika ikigongana juu ya pikipiki ya mleta gesi, ikapunguza mwendo mahali ambapo vichochoro viwili huanzia, chao na cha jirani. Bibi Kim-tio alichukua bilauri moja, akaifuta vumbi kwa ncha ya taulo, akaiweka ukingoni mwa meza, ikitazama kona.