Nisamehe, Nitarudia

Stoo ya vitambaa nyuma ya duka la ushonaji ndiyo iliyokuwa studio. Majora ya khaki, tetroni na pamba yalipangwa hadi darini, na ukipiga makofi humo ndani sauti ilimezwa palepale, haikurudi kukusalimia. Kipaza ndiye aliyegundua hilo. Mama yake, fundi wa sare za shule kwa miaka thelathini na mitatu, alimruhusu kuweka kompyuta na maikrofoni kwa sharti moja tu: asiguse khaki, maana shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu.

Jina la Kipaza alilipata akiwa na siku tatu duniani, kwa jinsi alivyolia. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Siku za kazi alitengeneza simu, na muda uliobaki alighani. Mama yake aliita kufoka.

"Mimi nimekufokea wewe miaka yote hii," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyenipigia makofi."

Lakini albamu hii alikuwa ameipenda, ingawa hakusema. Ilikuwa hip hop, ila chini yake mlikuwa na muziki wa ujana wake: besi za fanki zinazotembea kwa maringo, saksafoni za jazi zinazoongea kama mtu aliyeamka sasa hivi, na sauti za soul zilizojaa majuto. Kipaza alikata vipande kutoka santuri za zamani, akavizungusha, kisha akaghani juu yake. Fundi aliielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Ni kuchukua suti ya marehemu, kuifumua, na kumshonea mjukuu gauni.

Nyimbo kumi zilikuwa tayari. Wa kumi na moja ndio uliobeba jina la albamu, na ulitoka kwenye santuri ya bendi ambayo Fundi na mdogo wake walikuwa waitikiaji, enzi hizo viatu vina visigino kama matofali.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mume aliyeteleza nje ya ndoa na sasa anaomba radhi. Mwimbaji alilia, "Nisamehe, mama watoto," na wale dada wawili wakampokea: "Nitarudi, nitarudi." Mara mbili waliimba sawasawa. Mara ya tatu mmoja wao aliimba "nitarudia."

Nisamehe, mama watoto, nitarudia.

Siku ya kurekodi hakuna aliyesikia. Watu kumi na wawili walibanana chumba kimoja, tarumbeta ziko nyuma ya masikio. Santuri ilipotoka, kumbi nzima zilicheka. Wanaume waliwaimbia wake zao mstari ule na kurushiwa mito. Wimbo wa toba ukageuka kichekesho, na Kiongozi wa bendi, aliyejiona mshairi kabla ya kuwa mpiga gitaa, akataka kichwa cha mtu. Aliwasimamisha dada wawili mbele ya wenzao, akauliza ni nani. Bila kungoja jibu akamnyooshea kidole mdogo, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuchekacheka mazoezini. Mdogo akamtazama dada yake. Dada akatazama sakafu.

Jioni ileile mdogo akarudisha gauni la jukwaani. Akaenda kusomea ukunga, na hakuimba tena. Hata harusini alipiga makofi tu, mdomo ameubana. Katika familia kisa kikabaki kuwa utani: Mama Mdogo ndiye aliyemponza mume wa watu. Fundi hakuwahi kuucheka utani huo, wala kuusahihisha.

Jumapili moja, saa sita mchana, Kipaza alimwita stoo.

"Kaa, Mama. Nimepata programu inayotenganisha sauti. Besi peke yake, drami peke yake. Hata nyinyi wawili, kila mmoja peke yake."

"Kila mmoja?"

"Kama kutenganisha nyuzi."

Fundi akavaa hedfoni. Ikaja sauti moja, uchi, bila bendi ya kuificha. Msichana mwenye koo la kukwaruza kidogo alivuta pumzi ya haraka, akaimba: nitarudia.

Fundi alivua hedfoni, akaziweka juu ya jora la pamba.

"Mama Mdogo anakuja saa nane," Kipaza alisema. "Nilimwita nimwombe ruhusa, na nilitaka kuandika kwenye jalada kwamba kosa ni lake, nimpe heshima yake. Sasa nimekaa na sauti hii tangu jana. Hiyo pumzi, Mama. Ndivyo unavyovuta pumzi kabla hujaniita."

"Watu wa tumbo moja hufanana pumzi."

"Mama."

"Kikate hicho kipande. Santuri ni ndefu, tafuta kingine."

"Albamu inaitwa Nitarudia. Nimechukua kazi za watu nikazirudia, naomba msamaha na bado narudia. Bila kosa hilo sina wimbo wa mwisho, na jina la albamu linabaki hewani. Nikilitumia, lazima niandike ni la nani."

"Usiandike."

"Na yeye akiuliza? Nimtazame machoni nimdanganye?"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake, akaanza kupiga kola, na kola ya kwanza ikatoka kombo. Akaifumua. Kola ya pili nayo kombo.

Alikuwa na sababu wakati ule. Alikuwa na mtoto wa miezi minane, kaka mkubwa wa Kipaza, mume amelazwa, na bendi ndiyo iliyoweka chakula mezani. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba baadaye mume alipona na mtoto akakua, lakini kimya kikabaki palepale kama mgeni aliyesahau kuaga. Kila mwaka uliopita ulikifanya kigumu zaidi kuvunjwa. Ukichelewa mwezi, utaeleza. Ukichelewa miaka arobaini na mitatu, utaanzia wapi?

Na ilikuwepo sababu ya pili, ambayo hata mwenyewe hakupenda kukutana nayo.

Mkunga aliingia saa nane kasoro dakika tano. Alikuwa mstaafu, ila bado alitembea kama mtu anayesubiriwa wodini.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Wewe hujakonda. Yuko wapi msanii wetu?"

Kipaza akatokea mlangoni mwa stoo, akaamkia. Fundi alikuwa amepanga maneno: aanze na ugonjwa wa mume, aje kwa mtoto, ashuke taratibu. Yote yakapotea.

"Kosa lile ni langu," alisema.

"Kosa lipi?"

"Nitarudia. Ni mimi niliyeimba."

Mkunga aliweka mkoba wake juu ya meza ya kukatia, akausogeza mbali na mkasi.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Dada, mdomo ulikuwa wangu. Ulidhani sikujua kilichotoka ndani yake?"



"Mbona hukusema?" Fundi aliuliza.

"Ulikuwa na mtoto mgongoni na mume kitandani. Ningesema, mngekula nini? Kwa hiyo nikanyamaza. Siku ile nilikupa kwa moyo mmoja, siidai." Mkunga alivuta kiti, lakini hakukaa. "Mtoto akaacha ziwa. Nikasema, sasa atasema. Shemeji akapona. Nikasema, sasa. Mtoto akaota ndevu, Dada. Akaoa. Kwenye harusi yake mjomba akausema ule utani mbele ya ukumbi mzima, na wewe unapita na trei ya soda. Ukaniuliza nataka ya rangi gani."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Bendi imekufa, Kiongozi tumeshamzika."

"Wewe."

Mkunga alicheka kidogo, kicheko kisicho na utamu. "Nimezalisha wanawake zaidi ya elfu tatu. Wote nawaambia, mficha uchi hazai. Nikifika nyumbani nasema, lakini ninaye dada yangu, ana mimba ya miaka arobaini na mitatu, na anasema ni gesi."

Kipaza akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka. Fundi hakucheka.

"Ndiyo imezaliwa sasa," alisema.

"Imezaliwa ina meno."

Hapo Fundi aliinuka kutoka kwenye cherehani. Alisimama mbele ya mdogo wake, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Nisamehe," alisema.

"Usiniharakishe." Mkunga alimgeukia Kipaza. "Wewe, andika jina la mama yako. Herufi zisomeke. Na mtu yeyote akirudia utani ule, harusini au msibani, mama yako atasimama aseme ukweli. Hata kama ana trei mkononi."

"Nitasema," Fundi alisema.

"Tutaona." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamuuliza Kipaza: "Na mimi, niko wapi humo?"

"Uko peke yako, Mama Mdogo. Nimekutenganisha. Unataka kusikia?"

Mkunga hakuwahi kuwa na santuri ile. Hakuwahi kukaa chumba kimoja nayo ikipigwa. Aliingia stoo, akakaa kwenye kigoda katikati ya majora, akavaa hedfoni kwa uangalifu wa mtu anayepima mapigo ya moyo. Kipaza akabonyeza. Mkunga akakunja uso.

"Inakatika."

"Ni hii ncha ya waya, imelegea. Mtu aishike."

Fundi akainama, akaibana ncha kwa vidole viwili mahali inapoingilia kwenye kompyuta. Uso wa Mkunga ukatulia. Akasikiliza hadi mwisho, macho ameyafumba. Kipaza akarudisha mwanzo. Akasikiliza tena.

"Kumbe nilikuwa naimba," alisema, kwa sauti kubwa kidogo, kama wasemavyo watu walioziba masikio.

"Ulikuwa unanipita," Fundi alisema.

Mkunga akasogeza hedfoni upande mmoja. "Umesemaje?"

"Nimesema ulikuwa unanipita. Nilijua hivyo hata siku ile. Kiongozi aliponyoosha kidole, mtoto alikuwa sababu moja. Hiyo ilikuwa ya pili."

Mkunga alimtazama dada yake, mzee mwenzake aliyepinda mgongo juu ya meza, vidole kwenye waya. Hakusema amesamehe. Alirudisha hedfoni sikioni.

"Weka tena, mwanangu."

Kipaza akaweka. Safari hii midomo ya Mkunga ilianza kusogea, bila sauti kwanza, kisha na sauti ndogo iliyokauka, ikitafuta noti yake, ikiikosa, ikiipata. Fundi hakuweza kusikia muziki, alisikia sauti ile tu. Mgongo ulimuuma, vidole vilianza kufa ganzi, na huko nje sare zilimsubiri. Akaibana ile ncha zaidi, isije ikakatika.