Mvua ya Dakika Mbili na Nusu

Jumanne, saa kumi na moja kasorobo jioni, Marcelline alianguka kwenye ngazi kati ya ghorofa ya tano na ya sita, akiwa amebeba bidoni ya maji ya lita ishirini. Hakuanguka vibaya. Alikaa chini ghafla, kama mtu aliyevutwa gauni kwa nyuma, na bidoni ikaendelea na safari yake peke yake hadi ghorofa ya nne, ikimwaga maji kila ngazi. Alisema baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni yale maji. Alikuwa amepanga foleni saa nzima kwenye bomba la kituo cha petroli, pale kwenye robot, taa za barabarani, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Pampu ya jengo ilikuwa imekufa tangu mwezi wa pili. Jengo lilikuwa na ghorofa kumi na mbili, hapo Albert Park mjini Durban, na maji ya mji yalipanda yenyewe hadi ghorofa ya pili, kisha yakaishiwa nguvu. Lifti ilikufa kabla ya pampu. Kampuni yenye jengo ilibandika tangazo mlangoni kwamba fundi angekuja hivi karibuni. Jua la asubuhi lilikuwa limeshafuta tarehe ya tangazo hilo.

Muuguzi wa kliniki alimpima Marcelline, akamwambia alale mpaka siku ya kujifungua. Hakuna kubeba, hakuna kupanda ngazi. Marcelline alimsikiliza kwa makini kwa sababu miaka miwili nyuma alimpoteza mtoto katika mwezi huo huo wa saba, na wakati ule hakuwa amebeba chochote.

Mumewe, Léonard, alikuwa fundi wa simu pale Warwick Junction, soko la wachuuzi na wasukuma mikokoteni. Alikuwa na meza, mwavuli mkubwa na taa ya kichwani. Siku ile alipanda ghorofa kumi mbio, akamkuta mkewe kitandani na Mama Doris, jirani yao Mrundi wa mlango wa pili, akimkanda miguu.

"Nilikuambia uningoje," Léonard akasema.

"Nikungoje na nini? Nguo iko chafu, sahani iko chafu, kichwa yangu haijaoshwa juma zima."

"Ungengoja tu, Marcelline."

"Papa Léonard," Mama Doris akasema, "kaa kwanza. Unahema kama vile aliyeanguka ni wewe."

Akakaa. Tangu siku hiyo maji yakawa kazi yake. Alishuka alfajiri na bidoni mbili, akashuka tena alipotoka kazini, na hata hivyo hayakutosha. Mabega yake yakaanza kushuka chini, hasa la kulia, mpaka wateja wakamuuliza kama ameumia.

Siku ya Alhamisi ya wiki iliyofuata alirudi mapema na video. Aliipata kazini. Kijana mmoja wa chuo alileta simu iliyokufa spika, na baada ya kuitengeneza Léonard aliijaribu kwa wimbo wa kwanza uliokuwa humo. Ulikuwa wa bendi ya Waingereza, wanaume watatu na msichana mmoja wa gitaa la besi, na video yake ilipigwa kwenye mji mdogo wa pwani huko kwao. Aliitazama mara tatu kabla ya mwenye simu kuja. Nyumbani Bukavu alikuwa amepiga gitaa kwenye kwaya miaka tisa, na hakukumbuka mara ya mwisho alipotazama kitu mara tatu kwa kupenda tu. Alimwomba yule kijana amtumie.

"Haina madansa," alimwambia Marcelline akiunganisha simu na televisheni. "Haina magari. Angalia tu."

Marcelline akajiinua kwenye mito. Wanamuziki wanne walikuwa wakisukuma piano juu ya mkokoteni kando ya bahari ya kijivu. Kulikuwa na vibanda vya rangi vilivyofungwa, shakwe wengi, na gati refu la mbao lililoingia majini. Mwimbaji aliimba huku anasukuma. Chini ya kibanda cha kukingia mvua walikaa vikongwe wawili, mmoja wa koti la kijani na mmoja wa kofia ya sufu, wakila chipsi kwenye karatasi bila kuwaangalia.

"Huyu hajui kusukuma," Marcelline akasema. "Warwick wangemufukuza siku ya kwanza."

"Ndiyo maana naipenda."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Marcelline kucheka tangu aanguke ngazini. Piano ilipofika mwanzo wa gati, kwenye dakika ya kwanza na sekunde ishirini, mvua ikaanza kunyesha kule, na ikanyesha pia chumbani. Ilitoka kwenye televisheni kwa mshazari, maana upepo wa kule ulikuwa unavuma kutoka baharini, ikaangukia zulia sehemu ya upana wa mita moja. Ilikuwa mvua nzuri, ya matone mazito.

"Léonard," Marcelline akasema, "leta beseni."

Akaleta beseni, kisha ndoo. Bendi ikaendelea kupiga ikiwa imelowa, msichana wa besi akicheka, maji yakichuruzika puani kwa mpiga ngoma. Kwenye dakika ya tatu na sekunde hamsini mvua ikakatika, wakafunika piano kwa turubai, na wimbo ukaisha. Beseni lilijaa na ndoo ilifika nusu. Léonard aliuinua waya wa umeme kutoka sakafuni akaufunga juu ya dirisha, kwa usalama, akafunika mgongo wa televisheni kwa mfuko wa plastiki, akacheza video tena.

Mama Doris aliitwa kuonja. Alichovya kidole.

"Haiko chumvi," akasema. "Iko baridi tu. Ya kunywa tuchemshe."

Jioni hiyo Marcelline alioshwa nywele. Mama Doris alimmwagia polepole kwa kikombe, na Marcelline alifumba macho akasema asante, akarudia asante, mpaka Mama Doris akamwambia anyamaze maji yasimwingie mdomoni.

Baada ya siku mbili ghorofa ya kumi yote ilijua, na baada ya wiki walikuja watu wa kuanzia ghorofa ya tatu. Léonard hakumzuia mtu. Video ilichezwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja. Mzee Ladislaus, Mtanzania wa ghorofa ya nane aliyekuwa mlinzi kwenye maghorofa ya South Beach, alisimamia foleni. Kila nyumba ilipata wimbo mmoja, wenye watoto wadogo nyimbo mbili. Watu walikuja na bidoni zao wakakaa sakafuni kando ya kitanda cha Marcelline, na kwa kuwa mvua haikuanza mpaka dakika ya kwanza na sekunde ishirini, walilazimika kutazama. Wakaipenda. Wakaujua wimbo wote bila kujua maana yake. Kulikuwa na waliokinga maji na bado wakabaki kutazama zamu ya jirani. Mama Doris, katika sala ya kumalizia jioni, aliwaombea wanamuziki mmoja mmoja, na yule wa piano alimwombea nguvu za mikono.

Mzee Ladislaus ndiye aliyeleta swali.

"Hii mvua ni ya watu," akasema. "Tunachukua bila hodi. Ndugu zangu, mimi napenda niulize kwanza."

Wakakubaliana kwamba ni kweli. Diane wa ghorofa ya saba, aliyefanya kazi saluni na kuandika Kiingereza vizuri, aliandika chini ya video, kwenye mtandao, mahali watu wanapotoa maoni. Aliandika kwamba wao ni wapangaji wa jengo moja Durban, kwamba wanaishukuru bendi kwa wimbo na mji kwa mvua, kwamba wanaikinga kila jioni kwa ajili ya kupika na kufua na kwa ajili ya dada mmoja mjamzito, na kama watu wa kule wanaihitaji waseme, wao wataacha.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Aliyeandika alisema yeye ndiye mwenye koti la kijani. Diane aliwasomea kwa Kiswahili, amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Anasema tuchukue tu. Anasema kule imenyesha tangu mwezi wa tisa wa mwaka jana. Anasema hakujua kama mvua yao inamfaa mtu. Anauliza dada anaendeleaje."

Marcelline akageuza uso ukutani, akaufuta kwa shuka.

"Umuambie niko sawa," akasema. "Umuambie mtoto anacheza. Wimbo ikianza, anapiga teke."

Diane akaandika. Tangu hapo, kila video ilipofika kwenye kibanda, bibi wa koti la kijani aliinua mkono wenye chipsi, na watu wa chumbani waliinua mikono yao.

Katikati ya mwezi wa nane ajenti wa jengo alikuja kukagua, kwa sababu dari ya ghorofa ya tisa ilikuwa na doa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alifika katikati ya wimbo, akasimama kando ya mlango mpaka mvua ilipokatika. Aliuliza ni lita ngapi kwa siku. Mzee Ladislaus alimtajia, kwa fahari kidogo. Ajenti akaandika.

"Na pampu?" Léonard akamuuliza kwa Kiingereza.

"Nitaifikisha habari ofisini," ajenti akasema. Aliifikisha.

Barua ilibandikwa mlangoni Ijumaa iliyofuata, juu ya tangazo la zamani. Diane aliisoma kwa sauti. Kampuni ilifurahi kufahamu kwamba wapangaji wamepata chanzo chao wenyewe cha maji, cha uhakika. Kwa hiyo ukarabati wa pampu haukuwa tena wa dharura, na fundi angepelekwa kwenye majengo mengine yenye shida. Wapangaji waliombwa waweke beseni vizuri kwa ajili ya dari.

"Eish," akasema mtu nyuma.

Léonard alikwenda ofisini akiwa na barua mkononi. Alirudi baada ya saa mbili, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wamesema nini?" Marcelline akauliza.

"Niliwaambia ni video. Nikawaambia siku moja simu itakufa, ama kule jua litawaka. Wakauliza, leo maji iko ama haiko? Nikasema iko. Wakasema sharp, sawa basi."

"Ungesema haiko."

"Ningedanganya, Marcelline. Na yule bibi anatupa kwa moyo."

Marcelline alikuwa na hasira, na mumewe pia alikuwa nayo, na hakuna aliyejua pa kuiweka bila kuimwaga kwenye ile mvua. Mwishowe akachukua mkono wa mumewe, akauweka tumboni, mtoto alipokuwa anasukuma.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, miezi yake imetimia, msichana wa kilo tatu na robo. Walimwita Aurélie. Siku ya kutoka hospitali, wapangaji wa ghorofa ya saba na ya nane walimbeba Marcelline kwenye kiti kumpandisha, wakibadilishana kila ngazi, Mzee Ladislaus akiwahesabia hatua. Jioni hiyo foleni yote ilimwachia Léonard nyimbo tatu. Mama Doris alipasha maji, akayajaribu kwa kiwiko, akamwogesha mtoto mbele ya televisheni. Diane alipeleka picha chini ya video. Marcelline alikaa akitazama mgongo mdogo ule, mwekundu, unavyong'aa, na alihisi shukrani nyingi kiasi kwamba alitamani kumshukuru kila mtu kwa jina, hata yule asiyejua kusukuma.

Pampu haikutengenezwa. Mwezi wa kumi bomba kubwa la mji likapasuka, na mitaa mingi ikakauka kwa siku nane, ile ya wenye mabustani pamoja na mingine. Siku ya nne, Jumamosi jioni, ajenti alipanda ghorofa kumi akiwa na bidoni mbili tupu. Alivaa nguo za nyumbani. Alisalimia, akasema kwake kuna mama yake mgonjwa na hakuna tone.

Watu wakamtazama Léonard. Léonard akamtazama Marcelline, aliyekuwa ananyonyesha.

"Apange foleni," Marcelline akasema. "Nyuma ya Diane."

Akapanga. Zamu yake ilipofika alikaa sakafuni, bidoni na faneli mbele yake, akatazama piano ikisukumwa kando ya bahari. Bibi wa koti la kijani alipoinua mkono, ajenti akainua wake bila kuambiwa. Maji yalijaza bidoni moja na robo. Akauliza, kwa aibu, kama angeweza kuona tena tangu mwanzo, maana alipenda pale msichana wa besi anapocheka. Mzee Ladislaus akamhesabia mgonjwa kama mtoto mdogo, na Léonard akacheza tena.

Léonard alimsaidia kubeba bidoni moja. Walishuka kimya, wakipumzika kila baada ya ghorofa mbili. Chini kabisa, kwenye korido ya kutokea nje, ajenti aliweka bidoni yake sakafuni mbele ya mlango wa chumba cha pampu, akakunjua vidole vilivyokufa ganzi, akabadilisha mkono, akaendelea mpaka kwenye gari. Huko alimshika Léonard mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema asante, na ilionekana wazi kwamba ilitoka moyoni.