Buluu ya Mapokezi

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla mlinzi hajafungua lango la magari, Mama Samaki alikuwa ameshafuta kioo cha tangi la mapokezi ndani na nje, amepima chumvi ya maji, na amevaa glavu zake za mpira zinazofika kwenye viwiko. Jina hilo la utani alipewa na wafanyakazi, ingawa tangi lilikuwa na samaki wawili tu, tena wavivu. Kazi yake hasa ilikuwa matumbawe. Yalikuwa matawi arobaini na kitu, yamesimama juu ya mawe chini ya taa, na rangi zake zilitegemea vitu vidogo mno: tone la iodini, tone la chuma, tone la nikeli, kila siku, kwa kuhesabu. Tone likikosekana, tawi linapauka. Matone yakizidi, tawi linakufa. Mama Samaki alihesabu kwa sauti, na aliyemsalimia katikati ya hesabu hakujibiwa mpaka iishe. Wapo waliosema ana maringo.

Kiwanda kilitengeneza mabomba ya sinki na vitasa vya milango. Ukiacha mapokezi ukapita korido mbili, unakuta chumba cha kuchovya, ambako vyuma vilizamishwa kwenye mabeseni makubwa, kwanza la shaba, kisha la nikeli, mwisho la kromu, au lile la zinki kwa skrubu, vikatoka vinang'aa. Kwenye beseni la nikeli alisimama mdogo wake Mama Samaki, mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mwembamba, mwenye mikono mirefu isiyo na mpango. Wenzake walimwita Mlingoti. Mama yao alipokuwa kitandani, siku za mwisho, alimshika binti yake mkono akamwambia, huyu nakuachia wewe. Basi dada mtu akamtafutia kazi hapohapo kiwandani, akaomba mpaka soli za viatu zikaisha. Mlingoti alikaa chumba cha uani kwa dada yake, na kila Jumamosi dada alimfulia ovaroli, kwa sababu akizifua mwenyewe zilitoka kwenye maji kama zilivyoingia.

Mwaka ule vichupa vya matone viliisha mwezi wa tatu. Idara ya manunuzi ikasema vinakuja, na wiki saba zikapita havijafika. Matumbawe yakawa rangi ya chai iliyoongezwa maji. Mkurugenzi, mtu mpole aliyependa vitu vipendeze, alipita kila asubuhi akitikisa kichwa. Alisema mnunuzi akikuta mapokezi yamepauka, ataamini na mabomba yatapauka.

Jumanne moja tawi likaanguka nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo mkono wa Mama Samaki haufiki. Akamwita mdogo wake wakati wa mapumziko. Glavu hazikumwingia, kwa hiyo alizamisha mkono mtupu mpaka begani, akalinyanyua tawi, akalisimamisha, akajifuta kwenye ovaroli na kurudi kazini. Ilipofika saa sita mchana, matawi yote yaliyopitiwa na mkono ule yalikuwa ya buluu, kuanzia nchani mpaka shinani. Juu ya jiwe kubwa, pale alipojishikiza, palikuwa na alama ya vidole vitano, nayo ya buluu. Mhudumu wa mapokezi aliinua macho, akasema afadhali, maana yale ya jana yalikuwa yanamtia usingizi. Kisha akapokea simu.

Mama Samaki alichota maji akayapima. Nikeli ilisoma matone kumi na moja. Yeye, vichupa vilipokuwepo, alikuwa akitia tone moja kwa siku, kwa tangi zima. Akaketi kwenye kiti cha wageni, jambo ambalo haruhusiwi. Alijua matone kumi na moja yanafanya nini kwa kiumbe, na sasa alijua yamekaa kwa nani. Alikumbuka kikohozi cha mdogo wake, ambacho wote wawili walikuwa wamekubaliana ni vumbi, na vipele vya viganjani ambavyo walisema ni sabuni. Aliogopa. Na kwa kuwa ni yeye aliyemwombea ile kazi, aliona hana wa kumlaumu kabla ya kujilaumu.

Akaenda kwa daktari wa kiwanda. Daktari alifungua faili la Mlingoti, akamwonyesha: miaka mitatu, vipimo vitatu, kila kimoja kimeandikwa "safi" kwa mwandiko mmoja. Mama Samaki akamwomba aje aone mwenyewe. Daktari alikuja, akainama mpaka miwani ikagusa kioo, akakiri kwamba hajawahi kuona buluu nzuri kama ile. Lakini tumbawe, alisema, si kipimo kilichoidhinishwa.

Mkurugenzi yeye hakuhitaji kupimiwa. Alifuta oda ya vichupa siku hiyohiyo, na kesho yake ratiba ikabandikwa ukutani kando ya tangi, ndani ya plastiki. Mafundi wa kromu, ambao mikono yao ilitoa kijani, walipewa Jumatatu na Alhamisi. Mlingoti alipewa Jumanne na Ijumaa. Wa zinki, ambao walitoa zambarau, wakagawiwa Jumatano na Jumamosi, kwa kuwa Jumamosi ni wao tu huingia kazini. Jumapili ilibaki tupu, kwa kuwa chumba cha kuchovya hufungwa. Kila zamu ilikuwa dakika kumi, na wafanyakazi waliipenda, maana maji yalikuwa vuguvugu na mapokezi kuna kiyoyozi. Mkurugenzi alimkuta Mlingoti amezamisha mkono akamtania kwamba mchovya asali hachovyi mara moja. Mlingoti alicheka, akakohoa, akaendelea kucheka.

Baada ya hapo mtu aliweza kukisoma kiwanda kizima akiwa mapokezi. Wiki ya saa za ziada, rangi zilikolea. Wiki ambayo barakoa mpya zililetwa zilififia kidogo, na mkurugenzi akauliza kuna nini. Siku feni ya kufyonza mvuke ilipoungua, tangi liliwaka hata mhudumu wa mapokezi akazima taa yake ya mezani. Wanunuzi walikuja siku hiyo kwa bahati. Walipiga picha mbele ya tangi, wakaagiza vitasa vya hoteli tatu. Feni ilitengenezwa baada ya mwezi mmoja.

Kisha fundi wa shaba naye akaomba zamu, akasema na yeye ni mtu kama watu. Mama Samaki hakuwepo. Alikuwa ameenda kuteka maji ya kubadilisha. Aliporudi alikuta fundi amezamisha mkono na matawi yanayomzunguka yamejikunja. Robo saa baadaye yalikuwa meupe kama mfupa, na moja likamomonyoka. Mama Samaki alieleza kwamba shaba kwa matumbawe ni sumu, hata kidogo. Mkurugenzi alishuka ngazi mwenyewe, mbiombio. Haikupita saa moja, fundi wa shaba akawa amehamishiwa ghala la maboksi, amepewa ovaroli mpya, na ameagizwa kupita mlango wa nyuma ili hata mvuke wake usifike mapokezi. Beseni lake akapewa mtu mwingine. Mwezi haukuisha, yule wa kwanza alikuwa amenenepa na anapiga mluzi.

Mama Samaki aliliona hilo akalishika. Miezi minne alikuwa akiomba mdogo wake ahamishwe ghalani, akiambiwa suala linafanyiwa kazi. Kumbe njia ilikuwa hiyo. Akaandika barua fupi kwamba nikeli imezidi, kwamba mkono wa fundi wa Jumanne na Ijumaa unahatarisha matumbawe, na kwamba yeye kama mtunzaji anashauri fundi huyo aondolewe kwenye beseni. Majibu yalikuja ndani ya siku moja. Ratiba ilibanduliwa, ikabandikwa nyingine. Penye jina la Mlingoti paliandikwa: kidole kimoja, dakika mbili.

Mlingoti aliisoma, akainua kidole cha shahada akakitazama pande zote.

"Dada, hata kufa sasa siwezi," akasema. "Nimeshawekwa kwenye ratiba."

Dada yake hakucheka. Alimwambia akanawe mikono, kama alivyokuwa akimwambia alipokuwa na miaka sita, na Mlingoti akaenda kunawa.

Jumapili ndiyo ilimsumbua mkurugenzi. Kufika Jumatatu asubuhi rangi zilikuwa zimeshuka kidogo, na wageni wengine hupenda kuja Jumatatu. Akamwagiza Mama Samaki atafute ufumbuzi. Jumapili iliyofuata, saa nne, Mama Samaki akaja peke yake kusugua mawe. Glavu ya kulia ilikuwa imechanika kwenye kidole gumba, na ya akiba ilikuwa kabatini, na kabati limefungwa. Akavua zote mbili akaingiza mkono mtupu, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano tangu aanze kazi hiyo. Alisugua jiwe moja. Alipohamia la pili aliona tawi lililogusana na kiganja chake linageuka buluu, taratibu, kuanzia nchani.

Alimaliza kusugua. Akapima maji: matone manne. Alifikiri vizuri, maana hajawahi kukanyaga chumba cha kuchovya hata siku moja, akapata jibu. Beseni lake lilikuwa uani kwake, lile la plastiki, na kila Jumamosi lilikuwa na ovaroli ndani. Akachukua kalamu, akafungua plastiki ya ratiba, na kwenye Jumapili akaandika: Mama Samaki, mkono wote.

Jumatatu asubuhi mkurugenzi alikuta buluu imeshikilia. Alifurahi, akamwita ofisini. Mama Samaki alikataa kukaa. Alisema ana maombi: mkono wake unatosha, atauzamisha kila siku kama ni lazima, asubuhi na jioni, basi Mlingoti ahamishiwe ghalani.

"Matone manne," mkurugenzi alisema, akisoma daftari la vipimo. "Umeyapata wapi?"

"Kwenye ovaroli zake. Namfulia mimi."

Mkurugenzi aliegemea kiti akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na swali alilouliza aliliuliza kwa upole.

"Sasa tukimtoa yeye, Mama Samaki, wewe utayapata wapi?"

Kisha mkurugenzi akasema yeye hajafunga mlango. Siku mkono wake utakaposoma kumi na moja kama wa mdogo wake, bila kumtegemea, aje wazungumze. Akamshukuru kwa Jumapili.

Jumanne Mlingoti alikuja mapokezi, akazamisha kidole kimoja kwa dakika mbili, akarudi kwenye beseni la nikeli. Ijumaa vilevile. Ijumaa hiyo jioni Mama Samaki alisimama kwenye mlango wa chumba cha kuchovya na mfuko mkubwa, akawaambia wenzake Mlingoti wanne wa beseni la nikeli kwamba kuanzia leo atawafulia na wao. Walimwuliza kulikoni. Akasema yeye mikono yake haijazoea kukaa bure. Walimpa.

Jumamosi alilowesha ovaroli zote tano pamoja. Mlingoti, akiwa amekaa kizingitini anakohoa, alimwambia dada avae glavu basi, maji hayo yanawasha. Zilikuwa zimetundikwa msumarini, mpya. Mama Samaki alizitazama. Akakunja mikono ya gauni, akafua mpaka saa tisa alasiri, na kila ovaroli aliisugua mara mbili.

Jumapili saa nne alizamisha mkono wote kwenye tangi, akahesabu dakika kumi kwa sauti. Kisha akapima maji, akaandika kwenye daftari. Matano. Yalibaki sita.