Mwalimu Loisi Bado Yupo Kwenye Ikama

Jumatatu saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mwalimu Loisi aliingia Darasa la Tatu kufundisha nomino za Kiingereza, kama ratiba ilivyosema. Alikuwa amezikwa Alhamisi. Watoto sitini na wanane wakasimama, "Good morning, teacher," naye akawaambia wakae. Wenye madawati wakakaa kwenye madawati, waliobaki wakakaa sakafuni.

Kilichobadilika ni chaki tu. Haikukaa mkononi, ilipita vidoleni ikaanguka. Alijaribu mara mbili, kisha akawaambia watoto wawe wanaandika ubaoni kwa zamu, na kweli hati zao zikaanza kunyooka.

Kwa Loisi hakuna aliyetaja kitu kabla hajakishika. Jembe lilizunguka darasa zima mkono kwa mkono, ndipo likaitwa hoe. Yai likazunguka mikononi mwa wote sitini na wanane bila kuvunjika, likaitwa egg. Mbuzi alikataa kuzunguka, basi darasa likamzunguka yeye. Kuna shule watoto wanaimba apple, apple, na tunda lenyewe hawajalionja. Watoto wa hapa kwetu Hombolo walisema grapes midomo ikiwa imechafuka zabibu. Huyo ndiye mwalimu, jamani! Wengine wanapiga domo tu.

Wiki ya tatu mumewe, Gerson, alikwenda kwa mwalimu mkuu, Nikodemo. Alikuwa amevua kofia.

"Mwalimu mkuu, nimekuja kumwombea ruhusa mke wangu," alisema. "Nyumbani hayupo, kaburini hayupo. Jioni yuko hapa anasikiliza madaftari yakisomwa. Mtu akishazikwa, si apumzike?"

"Mzee Gerson, nimeandika barua tatu kuomba mwalimu wa Kiingereza. Akifika leo, leo hii namruhusu mkeo."

Wakamfuata Loisi darasani. Yeye alikwisha kujua walichokijia.

"Baba Luka, pole," alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Hawa nikiwaacha sasa watafika la saba hawajui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Aje mtu wa kuwashika, siku hiyohiyo nakwenda kulala."

Gerson hakubisha. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumshinda.

Barua ya nne ilimleta ofisa elimu, Bwana Ernest, kwa pikipiki. Alisalimia, akaomba kukaa nyuma ya darasa aone hali halisi. Siku hiyo somo lilikuwa nomino za watu, na Loisi alikuwa amemwita Gerson mbele, kwa sababu kwake hata watu walishikwa kwanza. Watoto wakapita mmoja mmoja wakagusa kiganja chake chenye sugu. "Farmer," walisema. Loisi alipowaambia huyu pia ni mume wake, wakarudi kwenye foleni wakakigusa tena. "Husband."

Kisha wakataka kumshika na yeye. Akawaruhusu. Mikono yao ilipita kwenye kitenge chake ikatokea upande wa pili, imepoa kidogo. "Teacher," walisema, kila mmoja kwa sauti safi, na wa mwisho kwenye foleni alikuwa Gerson. Aliuacha mkono wake pale mpaka kipindi kikaisha.

Bwana Ernest alifuta macho kwa leso. Alisema katika kazi yake yote hajaona somo la namna ile, na alisema kweli. Akaketi ofisini, akafungua fomu ya ikama, ile ya kuhesabu walimu waliopo shuleni. Palikuwa na visanduku viwili, yupo na hayupo. Akatia tiki kwenye yupo.

"Bwana Ofisa, huyu mama ni marehemu," Nikodemo alisema. "Cheti cha kifo hiki hapa."

"Nimekiona, na poleni sana. Lakini anafundisha. Mimi siwezi kupeleka mwalimu mahali penye mwalimu, tena mwalimu kama huyu! Kuna shule zinalia hazina hata mmoja." Akafikiri. "Likizo haombi, uhamisho haombi. Mpeni na Darasa la Nne."

Alipokuwa anavaa helmeti aliuliza kama kijiji kimewahi kuzika mwalimu wa hisabati. Nikodemo alimjibu kwamba yuko Mzee Elieza, wa mwaka juzi. Bwana Ernest akaandika jina hilo kwenye kijitabu chake, akaondoka.

Loisi alipewa habari akiwa barazani na mumewe.

"Nimechoka, Baba Luka," alisema.

Gerson hakuwahi kumsikia akisema neno hilo, si alipokuwa hai wala baada ya hapo. Kengele ya Darasa la Nne ikagongwa, na Loisi akaenda.